Mwalimu Aliyeandikia Mashine

Siku ile, juu kwa Clarisse, tulikuwa watu sita, nami nawataja wote asije mtu kusema nimetunga. Alikuwepo Clarisse mwenyewe, mwenye ofisi, binti wa Kayitesi aliyekuwa akiuza sufuria sokoni. Alikuwepo Patrick, anayetengeneza programu za kompyuta pale ofisini. Mama yake na Kayitesi ni ndugu wa tumbo moja. Alikuwepo Hadija binti Omari, mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, ambaye nyumba ya mama yake Zuhura na nyumba yangu zinagawana ukuta. Alikuwepo Uwimana wa Kanzenze, mjane wa Bizimana, mwenye ng'ombe wawili. Alikuwepo Mwalimu, jirani yangu tangu aliporudi kutoka Karagwe, na ndiye aliyemfundisha Clarisse herufi za kwanza. Wa sita ni mimi. Nilikaa karibu na mlango kwa sababu ya magoti.

Tulikuja kwa ajili ya Uwimana. Alikuwa ametolewa kwenye orodha ya wanaopeleka maziwa ushirikani bila kuambiwa kwa nini, na huko Kanzenze ukitolewa kwenye orodha watu wanajua sababu moja tu, kwamba ulitia maji. Alitaka nafasi yake, na zaidi ya nafasi alitaka jina lake.

Nitafika hapo. Lakini ninayetaka kuwaeleza habari zake ni Mwalimu, na bila kumjua yeye hata siku ile haitaeleweka. Jina lake nalijua, na la baba yake, na la babu yake aliyevuka mto na ng'ombe. Siliandiki. Katika karatasi zote alizoandika pale ofisini hakuweka jina lake hata kwenye moja, na mtaani kwetu Majengo, Waislamu kwa Wakristo, alikuwa Mwalimu tu.

Kazi yake ya uzeeni nieleze kama nilivyoielewa. Clarisse na Patrick wana programu ya simu ya kusaidia vyama vya ushirika. Ndani yake kuna akili bandia, wao wanamwita msaidizi. Mwenyekiti anamwandikia kama anavyomwandikia mtu: gari la maziwa litachelewa kesho, waambie wanachama. Sasa, msaidizi hana mikono. Anapewa vyombo, yaani viprogramu vidogo: kimoja cha kutafuta mwanachama, kimoja cha kutuma ujumbe, kimoja cha kumtoa mtu kwenye orodha. Kila chombo kina karatasi ya maelezo. Msaidizi anasoma karatasi kwanza, ndipo anajua ashike chombo kipi. Kisichoandikwa hakijui.

Patrick alikuwa ameziandika kwa maneno mawili mawili. Tuma ujumbe. Toa mwanachama. Basi msaidizi akawa anashika chombo kisicho chake, kama mtu anayemenya kitunguu kwa panga. Clarisse akamletea mwalimu wake wa zamani zile karatasi aziwekee Kiswahili kizuri. Mwalimu akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema hawezi kunyoosha Kiswahili cha kitu ambacho mwenyewe hajasema ni nini. Wiki iliyofuata akapewa meza dirishani, juu ya duka la fundi cherehani.

Mimi nilimuuliza, mzee kama yeye anaiandikia mashine nini? Akaniambia, "Mama Hamisi, huyo ni mkaza mwana aliyeingia nyumbani jana. Ana nguvu, ana adabu, anataka kupendwa. Hajui chumvi iko wapi na anaona haya kuuliza. Usipomwambia, atatia atakachokiona."

Nilielewa mara moja. Nimepokea wakaza wana wanne, na mmoja, Sauda, alitia magadi kwenye chai ya wageni.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na kwa sababu hiyohiyo Mwalimu alinitaka. Alisema waliosoma sana wanajaza mashimo bila kujua wamejaza. Akija alasiri ananikuta mlangoni nachambua maharage. Ananipa karatasi, anasema, "Soma, halafu uniambie ungefanya nini. Usinisaidie." Hilo neno, usinisaidie, lilinipa taabu mwanzoni. Sisi tumelelewa kumsaidia anayesema. Mtu akisema nusu, unammalizia. Yeye alitaka nikae kwenye nusu yake nione kama nitaanguka.

Siku moja akaniletea ya kutuma ujumbe. Ilisema chombo hiki kinatuma kwa wote. Nikamuuliza, "Wote ni nani? Hata waliokufa?" Akacheka. Nikamwambia mi sifanyi mzaha, kwenye ule ushirika Mukandori alishakufa, na Nyirabukara, na Venansiya mke wa Sebagabo, na sikumbuki mtu aliyekwenda kufuta majina yao. Nimeuza vitenge miaka mingi kutoka Mudende mpaka Kanzenze, wanawake wa huko nawajua kwa jina na kwa kiuno. Mwalimu akaacha kucheka. Akapanda kwa Patrick, wakaangalia, na kweli, ujumbe wa lete maziwa mapema ulikuwa unaingia kwenye simu za marehemu, simu ambazo sasa wanazo watoto wao. Binti wa Venansiya alipoulizwa alisema alidhani ni watu wanamchokoza.

Baada ya hapo karatasi ilisema hivi, nami naikumbuka kwa kuwa niliisoma mara tatu: chombo hiki kinatuma kwa wanachama walio hai na walio kwenye orodha leo; hakitumi kwa waliotoka wala waliofariki; ukitaka mtu mmoja tu, tumia kile kingine. Msaidizi hakutuma tena kwa marehemu.

Mwalimu alikuwa na maneno aliyoyapiga marufuku. "Na kadhalika" aliifuta kila alipoikuta. Alisema hapo ndipo watu wanaficha wasichokijua. "Ipasavyo" pia. Alikuwa anauliza, ipasavyo kwa nani? Kila karatasi lazima iseme chombo kinafanya nini, kinapewa nini, kinarudisha nini, na, hapa ndipo alipokuwa mkali, lini kisishikwe. Alisema dawa isiyosema nani asinywe ni sumu yenye karatasi nzuri. Patrick alikuwa ameandika kwamba chombo kikishindwa kitasema "kosa namba nne". Mwalimu akamuuliza, "Mimi nikimtuma mtu kwako akakuta umefunga, akarudi akaniambia 'nne', mimi nifanye nini?" Ikabadilishwa, ikawa inasema namba ya simu haijatimia, muombe mwenyewe aiandike tena.

Patrick alikuwa mtu wa kujitetea. Alisema Mwalimu anapoteza muda, hii akili bandia ni nyerevu, itaelewa tu. Mwalimu akamjibu kwamba mjinga akibahatisha unamwona, mwerevu akibahatisha unamwamini. Patrick hakurudia tena, lakini alianza kumwita "Inspekta" akiwa ametoka.

Mwalimu alikuwa anaandika kwa penseli nyuma ya kalenda za miaka iliyopita, na akimaliza anasoma kwa sauti akiwa amesimama, kana kwamba darasa zima liko mbele yake. Sentensi ikimkwama kooni anaifuta. Kwa siku anaweza kumaliza karatasi moja. Clarisse alikuwa anamlipa kwa mwezi, si kwa karatasi, na nadhani alifanya hivyo kwa heshima.

Sasa msidhani nyumbani kwake mambo yalikuwa yamenyooka. Mke wake, Verediana, Mhaya wa Karagwe, alinambia mara nyingi akiwa amekaa kwenye ngazi zangu: "Anaiandikia mashine barua ndefu namna ile, mimi mkewe hata 'naenda' haniambii. Nasikia geti." Mwalimu alikuwa na redio ambayo hakuna mwingine aliyejua kuiwasha. Akimwelekeza mgeni anasema pita njia ya kawaida, kunja pale, utaona. Mchungaji mmoja alizunguka mtaa saa nzima akitafuta nyumba iliyokuwa mgongoni kwake. Nilipomsuta Mwalimu kwa hilo, kwamba we unakataza watu maneno yasiyosema kitu halafu we ndiye unayasema, alikasirika kweli, siku ya tatu akaniletea samaki sambaza kutoka Rubona kwenye sahani iliyofunikwa.

Kiburi alikuwa nacho. Kiburi cha mtu anayefanya kazi vizuri, ambacho watu wanakisamehe, na kwa sababu wanakisamehe kinakua.

Siku aliponiletea karatasi ya kutafuta mwanachama, wingu lilikuwa limeshuka upande wa volkano na upepo umeanza kubeba vumbi. Clarisse alikuwa anaisubiri karatasi juu. Nikaisoma. Ilisema: chombo hiki kinatafuta mwanachama kwa jina, na kinakurudishia mwanachama huyo. Nikamuuliza, "Kama wakiwa wengi? Mi najua akina Uwimana kumi na mmoja kutoka Mudende mpaka Kanzenze, na watoto sijahesabu."

Asiyetoka kwetu nimweleze. Mtoto hapa hachukui jina la baba. Kila mtoto anapewa lake. Ndugu wawili wa nyumba moja hawana jina moja, na watu kumi wasiojuana wanalo moja.

Mwalimu alitazama wingu. Akakunja karatasi, akasema hilo mashine italiona yenyewe, akaondoka haraka kabla ya mvua. Mimi nikarudi kwenye maharage yangu.

Miezi ikapita. Uwimana wa Mudende, mke wa Semana, akahamia Musanze kwa binti yake. Hadija akamwandikia msaidizi kama kawaida yake, maneno machache: Uwimana amehama, mutoe kwenye orodha. Msaidizi akashika chombo cha kutafuta. Chombo kikaleta Uwimana mmoja, wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu ndivyo Patrick alivyokitengeneza, na karatasi haikusema kwamba wako wengine. Msaidizi akaona mmoja, akaamini ni huyohuyo. Akamtoa. Alikuwa Uwimana wa Kanzenze.

Asubuhi akapeleka maziwa kituoni. Mpokeaji akaangalia simu yake, akamwambia mama, jina lako haliko. Akarudi na kopo lake kichwani. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, kwenye foleni, waliokuwa mbele yake na nyuma yake wakasogea kidogo. Alikuwepo mwanamke mmoja, Nyirahabineza, jirani yake wa shamba kwa shamba, akasema bila kumtazama kwamba kipimo cha maji hakina urafiki. Basi, habari ikatembea. Siku ya nne wifi yake, ambaye huchukua kwake maziwa ya watoto, hakutuma mtu. Uwimana akayamwaga kwenye majani, akajifunga kitenge, akashuka mjini kwa Hadija.

Hadija naye, namsema mbele yake na ameshakubali, siku ile hakumsikiliza. Alimwambia mashine haina chuki na mutu, kama imemutoa iko sababu. Uwimana hakupiga kelele. Alikuja kukaa kwangu, kwa kuwa alinijua toka enzi za vitenge. Aliponisimulia, nikaikumbuka ile karatasi iliyokunjwa. Nikamtuma Hamisi wangu akamwite Mwalimu.

Hivyo ndivyo tulivyofika juu kwa Clarisse, watu sita.

Patrick alifungua kompyuta akasoma hatua moja moja, msaidizi alifanya hiki, halafu hiki. Nafasi haikuwa shida. Tangi la kupozea maziwa ni dogo, nafasi zinahesabiwa, na mtu mwingine alikuwa ameingizwa mahali pa Uwimana, lakini ile nafasi ya Uwimana wa Mudende ndiyo iliyokuwa wazi kweli, kwa hiyo kila mmoja angepata yake. Hadija akapumua. Patrick akasema msaidizi amekosea, wataleta mwingine mpya, mwerevu zaidi.

"Bon," Hadija akasema, akichanganya na Kifaransa, "donc, basi, ni mashine tu."

Clarisse akauliza, lakini bila kumtazama mtu, kama wakati wa kuandika iko mutu aliona hilo shimo. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Mwalimu amekula Idi kwangu, nami Krismasi kwake, na mbele yake alikuwa ameketi mtoto aliyemfundisha kusoma. Nikisema, namvua nguo. Nisiposema, Uwimana anarudi Kanzenze na neno "mashine", ambalo halimsafishi mtu. Nilijiambia ngoja kidogo. Hiyo ngoja kidogo bado inaniuma.

Mwalimu akasimama, kama anavyosimama akisoma karatasi zake.

"Hapana. Msaidizi amefanya nilichomwambia. Mama Hamisi aliniuliza, wakiwa wengi itakuwaje? Nikakunja karatasi. Nilikuwa na haraka, na nilijiona najua. Patrick, andika hivyo hapo. Usiandike mashine."

Patrick hakuandika mara moja. Mwalimu akamngojea mpaka akaandika.

Ndipo Uwimana akasema. "Mwalimu, hiyo mashine mi siielewi. Naelewa kitu moja. Kanzenze wanasema niliweka maji. Nani ataenda kuwaambia?"

Hadija akasema atatuma ujumbe kwa wanachama wote. Mwalimu ndiye aliyeuandika, palepale: Uwimana, mjane wa Bizimana, wa Kanzenze, hakutia maji, alitolewa kwa kosa la aliyeandika maelezo, nafasi yake imerudi. Siku hiyohiyo akaandika upya ile karatasi, na Patrick akabadilisha chombo kilete watu wote wenye jina, siyo mmoja. Sasa ilisema: jina moja linaweza kuwa la watu wengi, chombo kinarudisha wote, kila mmoja na kijiji chake, wakiwa zaidi ya mmoja, usichague, muulize mwenyekiti ni yupi, na usimtoe mtu yeyote kabla hajajibu. Akaniletea kabla ya Clarisse. Nikamuuliza, na wakiwa wa kijiji kimoja? Safari hii alivuta kigoda akaketi.

Ningeweza kumaliza hapa, na Mwalimu angebaki mtu mzuri aliyekubali kosa. Lakini ujumbe ule, kule Kanzenze, uliwaingia watu sikio hili na kutokea lile. Wengine walisema Uwimana ana watu mjini. Maziwa yake yakapokelewa, lakini kwenye foleni bado walimwachia nafasi mbele na nyuma.

Mwalimu alijua, sijui nani alimwambia. Akaanza kupotea kila Jumanne asubuhi. Verediana alisikia geti tu. Ni mwenye pikipiki ndiye aliyetoboa siri, kwamba humpeleka Mzee Kanzenze, kituo cha maziwa. Anasimama kwenye foleni na Uwimana, nyuma yake kabisa, mahali ambapo watu hawataki kusimama. Maziwa yakishapimwa anaomba kikombe, anakunywa mbele ya wote, anashukuru, anarudi. Verediana aliponiletea habari hiyo alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Maziwa hayampendi tangu utotoni, dada. Jumanne nzima anashika tumbo, mimi nikidhani ni vidonda vya tumbo."

Hilo nilikuwa silijui, mimi ninayejidai najua kila kitu cha majirani.

Alikwenda hivyo msimu mzima wa viazi na zaidi. Halafu macho yakamwisha nguvu, binti yake wa Kigali akaja kuwachukua yeye na Verediana. Jumanne ya mwisho kabla hawajahama nilimwambia nakwenda naye. Tulipanda basi dogo, kwa sababu magoti yangu na macho yake hayakufaa kwa pikipiki. Njiani nikamuuliza kwa nini haachi, karatasi si alishairekebisha?

"Msaidizi nilimwandikia upya, kesho yake kosa likaisha kama halijawahi kuwepo," akasema. "Watu huwezi kuwaandikia upya, Mama Hamisi. Wanataka kuona."

Tulisimama kwenye foleni. Wanawake walimsalimia, wengine niliwauzia vitenge vya harusi zao, nikawataja kwa majina wakacheka. Uwimana alikuwa mbele yetu na kopo lake. Yakapimwa, yakapita. Akamimina kikombe akampa Mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu akanywa polepole mpaka chini.

Nyuma yetu mtu akasema, "Uwimana, na mi unipimie. Kila siku ni Mwalimu tu?"

Alikuwa Nyirahabineza. Uwimana alichukua kikombe mkononi mwa Mwalimu, hakukisuuza, akakijaza mpaka ukingoni, akampa. Nyirahabineza akanywa. Akafuta mdomo kwa kiganja, akasema ni mazito. Aliyekuwa nyuma yake akasogea, ile nafasi ikajaa.

Mwalimu alivua miwani, akaniuliza gari la kurudi linatoka saa ngapi.

Majina nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka. Inawezekana aliyeomba kikombe ni mdogo wake Nyirahabineza, sauti zao zinafanana na mimi nilikuwa nimemshika Mwalimu mkono, sikugeuka haraka. Inawezekana pia kuna Uwimana mmoja nimemweka mahali pa mwingine, na hilo tumeshaona linavyoumiza mtu. Wewe uliyekuwepo, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi pale mlangoni kwa Clarisse. Njoo uniambie ni yupi. Penseli ninayo, nitafuta.